Bakuli la Mwinga

Mtoto wa Sidi alikuwa na siku kumi na moja, na tangu azaliwe hakuwahi kunyonya sawasawa. Alilitia ziwa mdomoni, akatulia kidogo, akaliachia. Kilichomweka hai ni matone ya maziwa ya Sidi ambayo bibi yake, Mbodze, aliyakamua kwenye kijiko na kumdondoshea ulimini asubuhi, adhuhuri na jioni, huku akimbembeleza. "Meza, mama. Meza hata kwa kunistahi tu mimi mzee."

Huo ulikuwa mwaka wa Madaraka, mwezi wa sita, mvua za masika zikimalizikia. Redio ya dukani Kombani ilishinda ikizungumzia serikali mpya, na watu walitoka mbali kwenda kuisikiliza. Nyumbani kwa Mbodze, mwendo wa saa nzima kutoka Kombani ukielekea bara, hakuna aliyekuwa na sikio la serikali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi mawili madogo, yote ya watoto wa Sidi. Wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili hakutimiza mwezi. Mumewe Chengo, mtoto wa pili wa Mbodze, alikuwa mcheshi zamani. Sasa alikuwa akijibu watu kwa kichwa tu.

Walikwishakwenda hospitali Msambweni. Daktari alimtazama mtoto kinywa, koo na kifua, akasema haoni ugonjwa, akawapa kopo la maziwa ya unga. Mtoto aliyatapika njiani wakirudi.

"Huyu haumwi," alisema Mzee Kalama. "Huyu anangoja kuitwa."

Kalama alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mbodze, na alipenda kuhitajiwa kuliko alivyopenda ugoro wake. Lakini safari hii hakuwa akijigamba. Alikuwa akisema jambo ambalo kila mtu pale uani alilijua. Kwao, mtoto huja duniani ameandamana na mmoja wa koma, yaani wale wazee wa nyumba waliokwisha kufa. Huyo koma anataka jina lake litajwe tena nyumbani, na mpaka litajwe, mtoto hatulii. Basi mama wa baba huketi kizingitini na kata ya maji, huchovya vidole, humlowesha mtoto midomo, na huwaita wafu wa nyumba hiyo mmoja mmoja huku ziwa liko tayari. Jina ambalo mtoto atalipokea kwa kunyonya, ndilo lake.

Mbodze alikuwa amewaita wanawake wote. Alimwita mama mkwe wake, ambaye walikuwa hawapatani, akamwomba radhi papo hapo kwa ajili ya ugomvi wa kinu wa miaka thelathini iliyopita. Aliita mashangazi, aliita wake wenza wa babu. Mtoto hakuonyesha dalili. Siku ya tano wakaanza kuwaita wanaume.

"Mtoto wa kike kuitwa jina la kiume," Sidi alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka hadi mifupani, "ataolewa na nani?"

"Kwanza afike umri wa kuolewa," Kalama alimjibu.

Waliita wanaume kumi na mmoja. Kalama alikuna kichwa akamkumbuka wa kumi na mbili, mjomba mmoja aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, naye akaitwa. Mtoto aligeuza uso. Maji katika kata yalikwisha.

Ndipo Sidi akasema, bila kumwangalia mtu, "Mmemwacha mmoja."

Hakuna aliyeuliza ni yupi. Mbodze aliinuka, akaining'iniza kata mahali pake, akasema, "Mwanangu hajafa."

Mwinga alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliondoka miaka tisa nyuma kwenda kukata mkonge upande wa Tanga, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye mluzi uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Miaka mitatu ya kwanza salamu zilifika, kila mara kwa mdomo wa mtu mwingine. Kisha zikakatika. Watu walianza kupunguza sauti walipomtaja, na Mbodze aliwakataza. Nyumbani kwake hakukuwa na matanga ya mtu ambaye hajaonekana maiti yake. Bakuli la Mwinga, la bati lenye ukingo wa buluu, lilikaa juu ya rafu pamoja na vyombo vingine, na kila Ijumaa alilisugua kwa majivu likang'aa. Hakumruhusu mtu mwingine kulia chakula ndani yake.

Kwa hiyo alielewa vizuri Sidi alikuwa akimwomba nini. Jina la koma ni jina la maiti. Akilitamka jina la Mwinga kwa yale maji, atakuwa amemzika mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe, pasipo kaburi, pasipo hata kujua alilala wapi. Alikataa siku hiyo, akakataa kesho yake. Sidi hakumsihi tena, na kule kutosihiwa kulimuumiza zaidi.

Siku ya kumi na tatu mtoto alikuwa hana sauti. Alikuwa akifungua kinywa kulia na hakitoki kitu. Alasiri hiyo Mbodze alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuni, akamkuta Chengo amesimama kando ya yale makaburi mawili na jembe mkononi. Hakuwa akichimba. Alikuwa akipima kwa macho.

Mbodze alirudi ndani bila kuni. Alichota kata ya maji, akaketi kizingitini, akamwambia Sidi, "Nipe." Hakumwita Kalama wala hakusubiri asubuhi. Alimlowesha mtoto midomo. Maji yakamtiririkia mtoto mpaka shingoni.

"Mwinga," akasema. "Mwinga wa Rai. Kama ni wewe, mwanangu, basi njoo ule."

Mtoto alilishika ziwa. Sidi aliguta kidogo kwa maumivu, kwa jinsi alivyolivuta kwa nguvu, kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Pale mlangoni hapakusikika kitu kingine ila mtoto akimeza. Chengo alikuja mbio, akasimama, akaliangusha jembe. Mbodze naye alikuwa akilia, na hakuna aliyeweza kumwambia nyamaza, maana wote walijua analia msiba.

*

Yaliyofuata yalifuata kwa utaratibu. Kalama alisema jina likishapokelewa halina kurudi, kwa hiyo mwenyewe aagwe kama wafu wengine. Wakamwekea matanga ya siku tatu. Mbodze alinyolewa nywele. Kalama alichonga kijiti cha mti mgumu, urefu wa mkono, akakisimika kwenye safu ya vijiti vya wazee wengine pembeni mwa ua, kisha akaomba chombo cha marehemu. Mbodze alilitoa lile bakuli mwenyewe. Kalama aliweka msumari katikati ya kitako, akaugonga kwa jiwe mara moja, tundu likatokea, akaliacha chini ya kijiti. Chombo cha maiti hakiachwi kizima, asije akadhani bado anangojwa mezani.

Mwanatumu, jirani yao Mdigo aliyetokea pande za Msambweni, alikuja kuwapa pole na kuwapongeza, hajui aanze na lipi. "Majina ya kike yamejaa tele," alisema. "Mngemwita Mwanarusi, mngemwita Biasha. Sasa huyu Mwinga wenu akikua ndiye atakayekuja kuposa kwetu?" Wakacheka, na ulikuwa ndio mcheko wa kwanza katika nyumba ile kwa wiki nyingi. Alipoondoka alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akasema Mungu ndiye ajuaye.

Mwinga alinenepa. Alinyonya mpaka Sidi akalalamika mgongo. Alipofikisha miezi minne alikuwa akilala chali, mkono mmoja chini ya kisogo, na Mbodze alipomwona hivyo mara ya kwanza alilazimika kukaa chini. Mwanawe alilala vivyo hivyo tangu utotoni. Tena kila alasiri, mbuzi wanaporudi, mtoto aliacha kila alichokuwa akikifanya akageuza uso kuelekea njia ya mikorosho. Mbuzi walikuwa kazi ya Mwinga zamani. Alikuwa akirudi nao kwa njia ile ile, akipiga mluzi.

Mbodze alifurahi na aliogopa, na hakujua kuvitenganisha viwili hivyo. Sidi akienda kisimani yeye hubaki na mtoto mapajani, akainama karibu na sikio lake na kumuuliza polepole. "Ulifia wapi, mwanangu? Nani alikuzika? Walikulaza kwa upande wa kulia?" Mtoto alimtazama kwa macho makubwa na kunyonya ngumi yake. Mbodze aliyasoma macho yale kwa muda mrefu, siku baada ya siku, na yapo mambo aliyoamini kuwa ameambiwa. Aliamini kulikuwa na homa. Aliamini kulikuwa na mtu mwema aliyempa maji.

*

Uhuru ulikuja mwezi wa kumi na mbili. Wiki moja baadaye, alasiri, Mbodze alikuwa akianua mihogo mikavu kwenye jamvi aliposikia hodi.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

Aliona viatu kwanza. Vilikuwa vyeusi, vimejaa vumbi jekundu la njia ya kutoka Kombani. Akapandisha macho akamwona mtu mwembamba, mwenye mvi mbili tatu za mapema, amebeba begi la turubai. Mbodze hakuitikia shikamoo ile. Salamu ya koma haiitikiwi. Ukiitikia umekubali kwenda naye. Alitazama chini kama mtu ana kivuli, akakiona, kirefu, kimefika mpaka kwenye mihogo yake.

Sidi alikuwa ndani, hajamwona mgeni. Sauti yake ilitoka wazi. "Mwinga, njoo unyonye, basi. Mwinga."

"Naam?" akaitika yule mtu pale uani, na akatabasamu, akidhani ameitwa yeye.

Hapo ndipo Mbodze alipomshika. Alimshika mikono, mabega, uso, akamkuta na jasho na ndevu na joto la mtu. Alipiga yowe moja lililomleta Chengo kutoka shambani. Walimchinjia kuku. Mwinga alikula karibu kwa mikono miwili, akaeleza mambo yake mdomo umejaa: mkonge, kisha kifua kilichomlaza karibu mwaka mzima, kisha kazi ya kubeba mizigo bandarini Tanga. Salamu alituma, na walioahidi kuzifikisha hawakuzifikisha. "Na mimi kila mwezi nilisema mwezi ujao, mama. Mwezi ujao nitaona aibu kidogo zaidi, nitakwenda. Uhuru ulipokuja nikasema sasa hata mwenye aibu anarudi kwao."

Alipoomba maji, alikwenda mwenyewe kutafuta chombo, akaliona bakuli lake chini ya kile kijiti. Alilitambua mara moja. Alilichovya mtungini, na maji yakamtiririkia kwenye viatu. Alisimama akiyatazama mpaka yakaisha. Akakitazama kijiti, akakitazama kichwa cha mama yake ambacho nywele zake zilikuwa bado fupi.

"Mlinizika," akasema.

Chengo ndiye aliyemweleza, maana Mbodze hakuweza. Mwinga alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kumwona mtoto, akamcheka kwa upole. "Kumbe wewe ndiye mimi. Basi tutagawana. Jina ni pana."

Lakini tangu alasiri ile mtoto hakunyonya tena.

Siku ya kwanza walisema ni kelele za wageni. Siku ya pili alitapika uji, akatapika maji. Kalama alikuja, akasimama mbali na Mwinga, mikono nyuma, akikataa kumpa mkono kijana aliyemlea mwenyewe. "Mimi sina ubaya na wewe," alimwambia. "Ila ulikwisha kuagwa. Jina lililopitishwa majini lina mlango mmoja tu. Wewe unaingia, yeye anatoka."

"Mimi niko hai, baba mdogo. Jina hili nilipewa na baba yangu kabla mama wa huyu mtoto hajazaliwa."

"Najua."

"Basi mpeni jina jingine."

"Tulimpa yote," Kalama alisema.

Mwinga alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema watamrudisha mtoto hospitali, na kwa kweli yeye na Chengo walimpeleka, wakarudi na dawa ambayo nayo haikukaa tumboni. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Sidi alikuwa ameketi na mtoto kizingitini, pale pale alipoketi mwezi wa sita. Mbodze alipozunguka nyuma ya nyumba hakumkuta Chengo na jembe. Alimkuta Mwinga, amechutama mbele ya yale makaburi mawili.

"Hawa ni wa Chengo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nikiondoka, huyu atanyonya?"

"Sijui, mwanangu."

"Na nikibaki?"

Mbodze alitaka kumwambia hajui. Lakini alijua. Miaka tisa alimngoja mtu huyu, akawagombeza watu wote kwa ajili yake, akasugua bakuli. Sasa alikuwa hapa, mzima, akinuka sabuni na safari, na yeye mama yake alikuwa akijikuta anahesabu hatua kutoka pale mpaka njia ya mikorosho. Alijichukia kwa hilo. Alijichukia na hakuacha kuhesabu.

Mwinga alisimama, akajikung'uta magoti. "Sikudai kitu, mama. Niite tu. Tangu nije hujaniita. Unaniita mwanangu, unaniita wewe. Niite kwa jina langu mara moja, kisha nitajua la kufanya."

Walitoka pamoja mpaka mbele ya nyumba. Chengo alikuwa pale, Kalama alikuwa pale. Sidi aliinua macho. Mtoto alikuwa amelala mapajani, midomo imekauka, mkono mmoja chini ya kisogo. Mwinga alimtazama jinsi alivyolala, na Mbodze aliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeona nguo yake mwilini mwa mwingine. Akangoja. Alimgeukia mama yake kabisa, kifua kwa kifua, asije akakosea anamwita nani.

Mbodze alichota kata ya maji. Alimpa mwanawe mgongo, akapiga magoti kizingitini, akamlowesha mtoto midomo.

"Mwinga," akaita.

Nyuma yake hakuna aliyeitika. Alisikia begi la turubai likiinuliwa. Alisikia Chengo akisema, "Kaka," na viatu vikivuka uani bila haraka. Hakugeuka, kwa sababu angegeuka angemwita, na alijua hilo kama anavyojua mkono wake. Viatu vilikuwa havijafika kwenye mikorosho mtoto aliposhika ziwa.

*

Baada ya hapo watu waliwaletea habari mbalimbali. Yupo aliyesema alimwona Kibuyuni, ana mke na watoto, anaitwa Rai, jina la baba yake. Yupo aliyesema huyo ni mtu mwingine kabisa. Chengo alikwenda mara mbili kumtafuta, na mara zote mbili alirudi akisema hakumpata, bila kumtazama mama yake machoni.

Binti Mwinga alikua. Alikuwa msichana mrefu, mwenye inda na kicheko, na alijifunza mluzi ingawa hakuna aliyemfundisha. Mbodze aliposikia mluzi ule ukitoka kwenye mikorosho aliacha alichokishika, kila siku, miaka yote, akangoja aone ni nani atakayetokea. Alitokea msichana na mbuzi wake. Mbodze alimpenda kwa moyo wote, na kila alipomwona akitokea moyo wake ulimshuka kidogo. Hakumweleza mtu hilo.

Msichana alikuwa na miaka minane alipolichomoa bakuli kutoka kwenye nyasi zilizoota pembeni ya kile kijiti. Buluu ya ukingo ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Bibi, hili la nani?"

"La Mwinga."

Msichana alicheka. "Langu?"

Mbodze alikuwa akichambua mboga. Aliendelea kuchambua. "Ndiyo. Lako."

"Mbona limetobolewa?"

"Nililitoa mimi mwenyewe litobolewe," akasema Mbodze. "Nilikosea, mjukuu wangu."

Hakujua mwenyewe anasema siku ipi, ile aliyoita mara ya kwanza au ile aliyoita mara ya pili. Msichana alikwenda kwenye mzinga wa nyuki wa baba yake akarudi na donge la nta, akalikanda, akaliziba tundu kwa kidole gumba, ulimi ukiwa nje kwa bidii. Alilisugua bakuli kwa majivu, akalisuuza, akalijaza maji, akamletea bibi yake kwa mikono miwili.

"Kunywa, bibi. Halivuji sana."

Matone yalikuwa yakidondoka chini, moja moja, kwenye vumbi. Mbodze alilipokea, akayanywa upesi kabla hayajaisha.